Rugaruga: Wapiganaji wasio na sare walioamua vita vya Iringa na Mbeya

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya Morogoro utapita Lugalo. Kuna mnara wa kumbukumbu pale, wa vita vya tarehe 17 Agosti 1891, siku Wahehe walipoliangamiza jeshi la Mjerumani. Habari hiyo kila aliyesoma shule Tanzania ameisikia.

Kisichosikika sana ni kilichotokea miaka 14 baadaye. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Majimaji, wapiganaji wa Kihehe walitoka Iringa wakiwa upande wa kapteni wa Kijerumani, kwenda kulisaidia boma la Mahenge lisianguke.

Mambo yaligeukaje hivyo? Jibu lipo kwenye neno moja ambalo vijana wengi wa leo hawalijui: rugaruga.

RUGARUGA WALIKUWA NANI?

Neno hili lilivuma kwanza huko Unyamwezi katika karne ya 19. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga himaya yake kwa vijana walioitwa rugaruga. Nyungu ya Mawe naye aliwatumia hivyo hivyo kuitawala Ukimbu, nchi ambayo upande wake wa kusini unafika Chunya, mkoa wa Mbeya wa leo.

Walikuwa vijana wasio na mke wala shamba. Wengine walitekwa vitani wakiwa wadogo, wengine walitoroka utumwani au waliacha kazi ya upagazi kwenye misafara. Walivaa vitambaa vyekundu, manyoya na bangili za pembe, ili adui aogope kabla hata ya kupigwa. Silaha yao ilikuwa gobore, mkuki na mbio. Malipo yao yalikuwa mateka.

Mjerumani alipofika alilikuta neno hilo tayari liko midomoni mwa watu, akalichukua. Kwake rugaruga hakuwa lazima atoke Unyamwezi. Mpiganaji yeyote wa Kiafrika aliyeletwa na mtawala wake kusaidia jeshi la serikali, bila kuwa askari wa kuandikishwa, aliitwa rugaruga. Msangu, Mhehe na Mbena, wote waliingia humo.

ASKARI NI MMOJA, RUGARUGA NI MWINGINE

Jeshi rasmi la Mjerumani katika Afrika Mashariki lilianza mwaka 1889, pale Hermann von Wissmann alipotumwa kuzima vita vya Abushiri kule pwani. Wissmann aliajiri Wasudani kutoka Misri na vijana kutoka Msumbiji walioitwa Wazulu. Mwaka 1891 kikosi hicho kikawa jeshi la koloni.

Tofauti kati ya askari wa jeshi hilo na rugaruga ilikuwa hivi:

• Askari aliandikwa daftarini, akawa na mkataba na mshahara wa rupia kila mwezi. Rugaruga hakuwa na mkataba. Alilipwa kwa ng'ombe na vitu vilivyotekwa.

• Askari alivaa sare na kushika bunduki ya serikali. Rugaruga alikuja na alichonacho: gobore, mkuki au panga.

• Askari mara nyingi alitoka mbali. Rugaruga alitoka jirani. Alijua njia, vivuko, mapango, na mahali watu walipoficha chakula.

• Askari aliamriwa na ofisa wa Kizungu. Rugaruga alimfuata mtawala wake, na vita vikiisha alirudi nyumbani kulima.

Kwa nini Mjerumani aliwahitaji? Hesabu yenyewe inajibu. Hata mwaka 1914, koloni zima lenye karibu kilomita za mraba milioni moja lilikuwa na askari wapatao 2,500 tu, waliogawanywa katika kombania 14. Kombania ya 2 ilikuwa upande wa Iringa na Ubena. Ya 5 ilikaa Masoko, Rungwe, kando ya lile ziwa dogo. Askari hao peke yao wasingeweza kuishika nchi ya milima na mabonde kama Nyanda za Juu Kusini.

LUGALO, 1891: SOMO LA KWANZA

Emil von Zelewski aliingia Uhehe akiwa na Wazungu wachache, askari zaidi ya 300 na wapagazi wao. Alikuwa na mizinga na bunduki za rashasha. Alichokosa ni watu wa kumwambia kilichokuwa mbele yake.

Wahehe wapatao 3,000 walikuwa wamejificha kwenye vichaka na mawe kando ya njia. Ishara ilipotolewa walishuka kwa mikuki. Askari wengi hawakupata hata nafasi ya kujaza risasi. Zelewski aliuawa, na pamoja naye Wazungu 9, askari wasiopungua 250 na wapagazi karibu 100. Wahehe waliondoka na bunduki karibu 300 na mizinga 3.

Waliokufa kwa ajili ya Kaisari siku ile, wengi wao hawakuwa Wajerumani. Walikuwa Wasudani na vijana wa Msumbiji, waliofia mahali ambapo hapakuwa na ndugu hata mmoja wa kuwalilia.

Wahehe nao walipoteza watu wengi, na ndiyo maana Mtwa Mkwawa hakusherehekea sana. Ila Wajerumani waliondoka na somo: kuingia Uhehe bila jirani wa kukuongoza ni kujitakia kifo.

WASANGU WALIKUWA NA DENI LA KUDAI

Jirani huyo alikuwepo tayari. Wasangu walikuwa wakubwa wa nyanda hizi kabla ya Wahehe. Waliiga mbinu za kivita za Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini, wakapanga vijana wao kwa vikosi vya rika na kutumia mkuki mfupi wa kuchoma. Wahehe nao walijifunza mbinu hizo kwa kupigana na Wasangu.

Mwanafunzi akamshinda mwalimu. Chini ya Munyigumba na baadaye mwanawe Mkwawa, Wahehe waliwasukuma Wasangu kutoka nchi yao, ambayo leo ni wilaya ya Mbarali. Merere, jina lililobebwa na watawala wao kadhaa, alihamia magharibi kwenye nchi ya Wasafwa na kujenga Utengule, si mbali na Mbalizi ya leo. Mji wa Mbeya wenyewe haukuwepo bado. Ulianza mwaka 1927, wakati wa dhahabu ya Lupa.

Kwa hiyo Mjerumani alipotafuta watu wa kupigana na Mkwawa, hakuhitaji kumshawishi sana Merere. Wasangu walitaka kurudi kwao, na Mzungu alikuwa njia ya kufika. Walitoa wapiganaji na waongoza njia, na kweli Mkwawa alipobanwa, Wasangu walirudi Usangu.

Kumwita Merere msaliti ni rahisi ukiwa mwaka huu. Mwaka 1894 hapakuwa na Tanzania ya kuisaliti. Palikuwa na Usangu iliyochukuliwa na Uhehe iliyoichukua.

KUMWINDA MKWAWA

Tarehe 30 Oktoba 1894 gavana Friedrich von Schele aliivunja ngome ya Mkwawa pale Kalenga. Mkwawa alitoroka, na vita vikabadilika sura. Pasipo ngome ya kupiga, mizinga haikuwa na kazi. Kilichobaki ni kumsaka mtu mmoja misituni, na kazi hiyo ilihitaji macho na miguu ya wenyeji.

Mwaka 1896 Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, alijenga boma mahali palipokuja kuwa mji wa Iringa. Jina lenyewe linatokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Prince aliona kwamba bunduki haitoshi, akaigawa Uhehe. Sehemu moja ilikwenda kwa Merere. Nyingine akapewa Mpangile, ndugu wa Mkwawa mwenyewe, mwishoni mwa 1896.

Haikupita miezi mitatu, Mpangile akanyongwa. Prince alimshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Hapo kila mtawala aliyeshirikiana na boma alielewa kwamba urafiki ule haukuwa na dhamana.

Msako ukaendelea. Vijiji vilivyoshukiwa kumlisha Mkwawa vilichomwa, ng'ombe walichukuliwa, mashamba yaliharibiwa. Aliyetangulia mara nyingi alikuwa rugaruga, na malipo yake yalikuwa humo humo kwenye zizi la jirani. Mjerumani alitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa cha Mkwawa.

Tarehe 19 Julai 1898, kule Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi asikamatwe hai. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954, na mpaka leo lipo kwenye makumbusho pale.

1905: WAHEHE WANAVUKA UPANDE WA PILI

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi na kusambaa kusini kama moto wa nyika. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge. Bunduki mbili za rashasha ziliwakata mashambulizi yalipokuja, na watu wa Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde la Kilombero, walikuwa upande wa boma.

Kapteni Ernst Nigmann wa Iringa aliondoka na kikosi chake pamoja na wapiganaji wa Kihehe, akafika Mahenge mwezi Septemba. Oktoba 21 alilivamia kwa ghafla kambi la Wangoni, wakatawanyika. Imani ya maji ikaanza kuvunjika.

Upande wa Ubena, wapiganaji wa mtawala Mbeyela walishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, tarehe 19 Septemba 1905. Walirudishwa nyuma, na baada ya hapo nchi yao iliingiliwa na jeshi na wasaidizi wake kutoka Uhehe na Usangu.

Kwa nini Wahehe hawakujiunga na Majimaji? Sababu hazikosi. Ilikuwa imepita miaka 7 tu tangu kifo cha Mkwawa. Watu walikumbuka njaa, moto na bunduki ya rashasha. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kama maji yanazuia risasi.

Tena waliokuwa upande wa pili ni Wangoni na Wabena. Uhehe na Ungoni walikuwa wamepigana vita virefu katika miaka ya 1870 na 1880. Kwa mzee wa Kihehe wa wakati ule, Mngoni alikuwa adui wa zamani kuliko Mjerumani. Na kijana aliyepoteza ng'ombe wa baba yake mwaka 1897 aliona nafasi ya kupata wengine.

NANI ALILIPA BEI?

Serikali ya Kijerumani ilihesabu watu wake waliokufa katika Majimaji. Hesabu hiyo ilikuwa Wazungu 15, askari 73, na wasaidizi wasio wa kudumu 316.

Zisome tena namba hizo. Kwa kila askari mmoja mwenye sare aliyekufa, walikufa rugaruga zaidi ya wanne. Ndio waliotangulizwa mbele, wakiwa na silaha duni zaidi na malipo yasiyo na uhakika.

Lakini bei kubwa zaidi ililipwa na waliovamiwa. Maofisa wa Kijerumani waliamua kwamba njia ya kuimaliza vita ni njaa. Maghala yalichomwa, mavuno yalichukuliwa, mbegu zikaharibiwa ili mtu asiweze kupanda msimu unaofuata. Kazi hiyo haikuhitaji askari aliyefundishwa kwata. Ilihitaji watu wengi, wenye njaa nao, walioruhusiwa kuchukua wanachokuta, na rugaruga walifaa kabisa.

Serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo vya Waafrika kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kuwa ni kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa.

1914–1918: VITA VYA WAZUNGU, CHAKULA CHA WENYEJI

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, mpaka wa mto Songwe ukawa uwanja wa mapigano. Septemba 1914 kikosi cha Kijerumani kutoka upande wa Rungwe, askari pamoja na rugaruga, kilivuka kwenda kuishambulia Karonga, Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Kilishindwa na kurudi.

Mei 1916 ikawa zamu ya Mwingereza. Jenerali Edward Northey alivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia, akaichukua Neu Langenburg, yaani Tukuyu, na kufika Iringa tarehe 29 Agosti. Miezi miwili haikuisha, jenerali Kurt Wahle akatokea upande wa Tabora na watu wake, akipasua katikati ya Uhehe ili aende kuungana na wenzake Mahenge. Mapigano yakawa Ngominyi, Lupembe na Ilembule.

Katika hekaheka hizo pande zote zilitumia rugaruga kama wapelelezi, walinzi wa njia na watafuta chakula. Kwa lugha ya kijiji, kutafuta chakula maana yake ilikuwa kuchukua cha watu. Jeshi moja likipita leo na jingine kesho, mwenye ghala hakubakiwa na kitu. Wanaume waliobaki walichukuliwa kubeba mizigo.

Oktoba 1918 Paul von Lettow-Vorbeck alipita tena, akitokea Msumbiji. Alipanda Ubena, akapita Mbozi na kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na askari wa Kiafrika 1,168.

BAADA YA VITA: WENYE KARATASI NA WASIO NAZO

Askari wa Mjerumani waliotekwa, baadhi yao walipata kazi mara moja kwa bwana mpya. Mwaka 1917 Mwingereza aliunda kikosi cha 6 cha King's African Rifles kwa kuwachukua hao hao. Kikosi hicho ndicho kilichokuja kuwa cha Tanganyika, na mwaka 1941 kilipigana Colito, Ethiopia. Kambi ya jeshi ya Dar es Salaam ikaitwa Colito kwa kumbukumbu ya vita hivyo.

Askari wazee wa Mjerumani nao hawakusahaulika kabisa. Miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa waliokuwa hai. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kwamba wazee walikusanyika Mwanza, na wengi hawakuwa na cheti. Ofisa wa malipo akampa kila mmoja fagio na kumwamrisha kwa Kijerumani ashike silaha. Hakuna aliyesahau kwata, wote wakalipwa.

Rugaruga asingelipwa hata angefika pale. Cheti hakuwahi kupewa, na kwata hakufundishwa. Fagio lingemshinda.

Neno lenyewe lilibaki kwa muda upande wa Unyamwezi na Usukuma, likitumika kwa walinzi na matarishi wa watemi, kisha likafifia.

KILICHOBAKI LEO

Iringa kuna mnara wa Lugalo, fuvu la Kalenga, kaburi la Mlambalasi, boma la Mjerumani ambalo sasa ni makumbusho, na makaburi ya wanajeshi wa Vita Kuu yanayotunzwa vizuri. Rungwe kuna jengo la Masoko. Dar es Salaam kuna sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa upande wa Mwingereza.

Rugaruga hana mnara. Pengine haishangazi, kwa sababu hana upande mmoja wa kumlilia. Kwa Mbena alikuwa mtu aliyechoma ghala. Kwa Msangu alikuwa kijana aliyerudisha nchi ya babu yake. Kwa Mjerumani alikuwa namba: wasaidizi 316.

Mwaka 1964, baada ya maasi ya Januari yaliyoanzia Colito, jeshi la zamani lilivunjwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaanzishwa tarehe 1 Septemba. Kambi ya Colito nayo ikabadilishwa jina na kuitwa Lugalo.

Jina lilichaguliwa vizuri. Lugalo ni mahali Mhehe alipopigana na mgeni akiwa peke yake na kushinda. Yaliyofuata, kuanzia Usangu hadi Mahenge, yanaonyesha jinsi mgeni yule yule alivyoshinda baadaye: aliwatuma majirani.